Siku Mama Aliposhindwa Kuandaa Chakula cha Jioni

Mama mmoja huko Kanada, mwenye watoto sita, aliamua kumkaribisha mgeni kwa chakula cha jioni. Mgeni mmoja tu, pamoja na watu wanne wa nyumbani kwake. Mama huyu alikuwa mpishi mzuri, na kulisha watu ilikuwa kazi yake ya kila siku kwa miaka mingi. Alikuwa na siku nzima ya kujitayarisha, naye aliingojea jioni hiyo kwa furaha. Lakini saa ya kula ilipofika alikutwa jikoni amechanganyikiwa na kujaa huzuni. Vyakula vyote vilikuwapo. Kitu kimoja au viwili vilikuwa motoni. Saladi ilikuwa haijatengenezwa, nyama ilikuwa haijaanza kupikwa, na mwenyewe alikuwa hoi kwa kuhangaika peke yake muda mrefu.

Je, alikuwa mvivu? Hata kidogo. Je, alikuwa amesahau kupika? La. Watu wa nyumbani walipoingia kumsaidia, chakula kilikuwa tayari kwa muda mfupi, na mezani alizungumza vizuri, kwa akili na heshima, kama mama mwingine yeyote mwenye nyumba yake.

Mgeni wa jioni ile alikuwa mdogo wake wa kiume, Wilder Penfield, daktari wa kupasua ubongo katika mji wa Montreal. Miezi kumi na mitano hivi kabla ya siku hiyo, Desemba 1928, Penfield mwenyewe alimpasua dada yake ili kumwondolea uvimbe uliokuwa ukikua kichwani. Ili kuuondoa ilimbidi akate sehemu kubwa ya ubongo wa mbele, upande wa kulia, ule ulio nyuma ya paji la uso. Dada alipona jeraha, akarudi kwa mumewe na watoto wake, akaishi karibu miaka mitatu hivi kabla ya uvimbe ule kurudi na kumwua. Alikumbuka mambo, alisema vizuri, alipenda watu wake. Kilichokuwa kimepungua kilionekana jikoni.

Kazi tunayoiona ndogo

Sisi tulipokisoma kisa hiki tulitazamana. Ni nani kati yetu aliyewahi kufikiri kwamba kuandaa chakula ni kazi kubwa ya ubongo? Hebu fikiria, mama mwenzetu, siku yako ya kawaida. Maharage lazima yainjikwe mapema, maana yanachelewa kuiva. Yakiwa motoni unachambua mchele, unakuna nazi, huku sikio moja likimsikiliza mtoto aliyelala. Mara mkaa unakaribia kwisha. Mara jirani anabisha hodi. Mara unagundua kitunguu hakipo, unamtuma mkubwa dukani, na kabla hajarudi umekwisha kubadili mpango: mchicha utatangulia, mchuzi utafuata. Hakuna aliyekuandikia mambo hayo kwenye karatasi. Kichwani mwako kuna kitu kinachoshika lengo, yaani watu wale kabla ya giza, na kila jambo jipya linapotokea kinapanga upya njia ya kulifikia.

Wataalamu wa ubongo hukiita kitu hicho uwezo wa kurekebisha mwenendo kulingana na hali. Wamefanya mikutano mingi juu yake, na hata leo wanaendelea kukutana. Dada yake Penfield alibaki na ujuzi wote wa upishi, kila kipande peke yake. Kilichompotea ni yule msimamizi wa ndani anayesema, "Sasa hili, kisha lile, na hili liache kwanza."

Penfield na mwenzake Joseph Evans walikichapisha kisa hiki mwaka 1935. Mwaka huohuo, katika mji wa London, ulifanyika mkutano ambao akina mama wengi hawakupata kuusikia, lakini uliingia katika nyumba zao.

Sokwe wawili na vikombe viwili

Ulikuwa mkutano wa pili wa kimataifa wa madaktari wa mishipa ya fahamu, uliofanyika kuanzia mwisho wa Julai hadi mwanzo wa Agosti 1935. Sehemu moja ilitengwa kwa ajili ya kuzungumzia ubongo wa mbele. Wakasimama wataalamu wawili kutoka Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, John Fulton na Carlyle Jacobsen, wakaeleza habari za sokwe wawili wa kike walioitwa Becky na Lucy.

Jaribio lenyewe lilikuwa rahisi, la kitoto hasa. Sokwe anaona chakula kikifichwa chini ya kimoja kati ya vikombe viwili. Pazia linashushwa kwa muda, kisha linainuliwa, naye anachagua kikombe. Kabla ya kupasuliwa, Becky alikuwa na hasira mbaya. Akikosea na kukosa chakula alipiga makelele, akajibwaga chini, akajigaragaza na kujichafua, mpaka ikawa shida hata kumleta kwenye chumba cha jaribio. Baada ya kuondolewa ubongo wa mbele wa pande zote mbili, akawa mtulivu. Alikosea, akakosea tena, wala hakujali. Jacobsen aliandika kwa mzaha kwamba mnyama yule alikuwa kana kwamba amejiunga na dhehebu la watu wenye furaha na kumtwika Bwana mizigo yake. Mzaha huo sisi haukutuchekesha. Anayemtwika Bwana mizigo yake hujua kuwa mizigo anayo.

Maana tazama jambo lenyewe lilivyokuwa. Becky hakupata amani. Alipoteza uwezo wa kukumbuka, hata kwa sekunde chache, chakula kimefichwa wapi. Alikuwa akikosea zaidi kuliko zamani. Tena Lucy, aliyekuwa mpole kabla ya kupasuliwa, alipata hasira baada yake. Kwa hiyo aliyesikiliza habari yote alirudi nyumbani na onyo: ukiugusa ubongo wa mbele, mnyama hawezi tena kushika jambo akilini na kulifuata. Lakini wapo waliosikia neno moja tu, kwamba mkali amekuwa mpole.

Mmoja wa waliohudhuria mkutano ule alikuwa Egas Moniz, daktari maarufu wa Lisbon, Ureno. Fulton alisimulia baadaye kwamba Moniz alisimama akauliza kama haingefaa kuwatuliza wanadamu wenye mahangaiko kwa njia hiyo. Moniz mwenyewe alidai kuwa wazo hilo alikuwa nalo tangu zamani. Vyovyote iwavyo, tarehe 12 Novemba 1935, miezi mitatu tu na siku kadhaa baada ya mkutano, mgonjwa wake wa kwanza alitobolewa fuvu na kumiminiwa spiriti katika nyuzi zinazounganisha ubongo wa mbele na sehemu nyingine. Alikuwa mwanamke wa miaka 63. Kazi ya mikono aliifanya msaidizi wake, Almeida Lima, kwa sababu vidole vya Moniz vilikuwa vimekakamaa kwa ugonjwa wa jongo. Baada ya wagonjwa ishirini, aliitangazia dunia kwamba amefaulu.

Waliopelekwa na jamaa zao

Daktari mwingine aliyekuwapo London alikuwa Mmarekani, Walter Freeman. Septemba 1936, akiwa na mpasuaji James Watts katika mji wa Washington, alimfanyia upasuaji huo mama wa nyumbani kutoka Kansas, naye alikuwa na miaka 63. Wakauita lobotomia. Kufikia 1946 Freeman aliona hata kutoboa fuvu ni kupoteza wakati. Akawa anapitisha chuma chembamba juu ya jicho, akikigonga kwa nyundo hadi kipenye mfupa, kisha anakizungusha ndani. Ilichukua dakika chache. Alizunguka hospitali za wagonjwa wa akili kwa gari lake akiifanya kazi hiyo, na hakuwa mpasuaji aliyefundishwa. Katika Marekani peke yake inakadiriwa waliopasuliwa walifika kati ya 40,000 na 50,000. Mwaka 1949 Moniz alipewa Tuzo ya Nobel. Umoja wa Kisovieti ulipiga marufuku upasuaji huo mwaka 1950.

Hatupendi kuwahukumu watu wa wakati ule kirahisi. Hospitali zilikuwa zimejaa pomoni, dawa hazikuwapo, na wapo wagonjwa waliokaa miaka wakiwa wamefungwa. Ni mwaka 1952 tu, huko Ufaransa, ilipoanza kutumiwa dawa ya klopromazini kwa magonjwa ya akili, na baada yake lobotomia ikaanza kupungua. Lakini kuna jambo moja ambalo akina mama hatuwezi kulipita. Katika hospitali nyingi, waliopasuliwa walikuwa wanawake kuliko wanaume. Mara nyingi idhini ilitolewa na mume au baba. Na mwanamke aliyerudi nyumbani mtulivu, asiyelalamika, anayefagia anapoambiwa fagia, alihesabiwa kuwa amepona.

Rosemary Kennedy, dada yake John Kennedy aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alikuwa mzito wa kujifunza tangu utoto. Alipokuwa msichana alianza kuwa na hasira na kutoroka usiku. Mwaka 1941, akiwa na miaka 23, baba yake alimpeleka kwa Freeman na Watts. Mama yake, Rose, hakuambiwa kabla. Rosemary alitoka pale hawezi kutembea sawasawa wala kusema ila maneno machache. Alitunzwa katika makao huko Wisconsin hadi alipofariki Januari 2005, akiwa na miaka 86. Hesabu mwenyewe hiyo ni miaka mingapi.

Karata za Brenda Milner

Kwa nini wasomi waliona utulivu wakashindwa kuona hasara? Sababu moja ni kwamba walipima vitu visivyofaa. Waliopasuliwa walipopewa mitihani ya akili ya kawaida, wengi walipata alama kama za zamani. Hesabu walijua, majina ya miji walijua. Mtihani wa kumkuta yule mama jikoni haukuwapo.

Aliyesaidia sana kuuleta alikuwa mwanamke, Brenda Milner, mzaliwa wa Manchester, Uingereza, mwaka 1918, aliyehamia Kanada mwaka 1944 akafanya kazi pamoja na Penfield huko Montreal. Yeye alitumia karata 128 zilizobuniwa Wisconsin miaka ya 1940. Kila karata ina michoro: nyota, pembetatu, msalaba au duara, moja, mbili, tatu au nne, ya rangi nyekundu, kijani, njano au buluu. Mgonjwa anaambiwa azipange, lakini haambiwi kwa kanuni gani. Anaambiwa tu "sawa" au "si sawa". Anajaribu, anagundua kuwa ni rangi, anapanga kwa rangi. Akipata kumi mfululizo, kanuni inabadilishwa kimyakimya. Sasa rangi si sawa tena, ni umbo.

Mtu wa kawaida hukosea mara mbili tatu, hushtuka, kisha hujaribu njia nyingine. Wale waliokatwa sehemu ya ubongo wa mbele waliendelea na rangi. Si sawa. Rangi. Si sawa. Rangi tena. Na jambo la ajabu ni kwamba wengine walikuwa wakisema kwa midomo yao kuwa wanakosea, huku mkono ukiweka karata palepale. Kujua kulikuwapo. Kujua huko hakukufika mkononi.

Agosti 1962 wataalamu walikusanyika tena kuzungumzia ubongo wa mbele, safari hii katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, na Milner alikuwa miongoni mwa waliotoa habari. Tukiulinganisha na ule wa London tunaona tofauti kubwa. Pale London waliuliza: mgonjwa ametulia? Huku waliuliza: mgonjwa anaweza kubadili njia mambo yanapobadilika?

Mengine yaliyofuata tuyapitie haraka. Ubongo wa mtu una chembe za fahamu kiasi cha bilioni 86, na hakuna chembe wala sehemu inayofanya kazi peke yake. Tangu miaka ya 1990 mashine zimewezesha kuutazama ubongo wa mtu aliye hai, mwenye afya, akifikiri. Imeonekana kwamba sehemu zilizo mbali, moja mbele na nyingine nyuma, huamka na kutulia pamoja kama waimbaji wa kwaya moja. Hizo ndizo huitwa mitandao ya ubongo. Ubongo wa mbele ni kama mwongoza kwaya. Lobotomia ilikata nyuzi kati ya mwongoza kwaya na waimbaji wake, kisha wakashangilia kwamba kanisa limekuwa kimya.

Na watoto wetu?

Hapa ndipo habari hizi zinapoingia nyumbani kwako. Ubongo wa mbele hukomaa mwisho kuliko sehemu nyingine. Haukamiliki hadi mtu apite miaka ishirini na kitu. Maana yake kila mtoto uliyemzaa anaishi miaka mingi na msimamizi ambaye bado ni mwanafunzi.

Mwanamke mwingine msomi, Adele Diamond, alilichukua lile jaribio la vikombe akalitumia kwa watoto wachanga. Unaweza kulifanya mwenyewe mkekani. Chukua bakuli mbili na kitu anachokipenda. Mfiche chini ya bakuli la kulia, mwache akitoe. Rudia mara mbili hivi. Kisha, huku akikutazama waziwazi, kifiche chini ya la kushoto, mshike mikono kidogo, mwachie. Mtoto wa miezi minane au tisa atakwenda kulia, alikokuwa amezoea. Wakati mwingine macho yake yanatazama kushoto, penyewe hasa, na mkono unakwenda kulia! Kadiri miezi inavyopita ndivyo anavyoweza kusubiri zaidi bila kukosea. Akifika mwaka mmoja anaweza kungoja kama sekunde kumi.

Mwenzetu mmoja hapa ofisini alijaribu kwa binti yake wa miezi tisa kwa kijiko na vikombe vya chai. Alikosea vilevile. Baba mtu, aliyekuwa akisoma gazeti, alisema mtoto ameshupaa kama mama yake.

Ukija kwa mtoto wa miaka mitatu, iko michezo ya karata iliyo ndugu ya ile ya Milner. Philip Zelazo na wenzake walimpa mtoto picha za sungura na mashua, nyekundu na buluu. "Tucheze mchezo wa rangi," anapanga vizuri. "Sasa tucheze mchezo wa picha, sungura huku, mashua kule." Wengi wa miaka mitatu huendelea kupanga kwa rangi. Ukimwuliza, "Katika mchezo huu sungura wanakwenda wapi?" anakuonyesha sawasawa. Ukimpa karata, anarudia rangi. Akitimiza miaka minne au mitano, wengi hubadili bila shida.

Basi tulijiuliza ni mara ngapi tumemchapa mtoto wa miaka mitatu kwa sababu tumemwambia, akaitikia "ndiyo mama", kisha akafanya lilelile. Tuliita ukaidi. Huenda mara nyingine ulikuwa ukaidi. Watoto nao ni watu. Lakini mara nyingi kujua kulikuwa kumefika mdomoni, bado kufika mkononi. Mtoto wa namna hiyo husaidika zaidi ukimwendea, ukamgeuza kwa mkono, ukamwanzisha jambo jipya, kuliko ukipaza sauti kutoka jikoni. Ndivyo na dada yake Penfield alivyofaulu: mtu aliingia, akasimama kando yake.

Nasi akina mama tusijisahau. Watafiti wa New York, Conor Liston, Bruce McEwen na B. J. Casey, walichapisha mwaka 2009 habari za wanafunzi ishirini wa udaktari waliokuwa wamejiandaa kwa mtihani mkubwa kwa wiki nne za wasiwasi. Walipopimwa, walikuwa wazito wa kuhamisha mawazo kutoka jambo moja hadi jingine kuliko wenzao waliotulia, na mtandao wa ubongo wa mbele ulikuwa umelegea. Baada ya mwezi mmoja wa mapumziko, hali ilirudi kuwa njema.

Wiki nne tu, tena kwa vijana wasionyonyesha! Mama aliyejifungua juzi, anayeamka mara nne usiku, ambaye karo ya mkubwa haijalipwa na mama mkwe amekuja kukaa, akitia chumvi mara mbili kwenye mchuzi na kusahau maji motoni, watu watasema amekuwa mzembe. Mume wake anaposoma ukurasa huu, kama anausoma, angeweza kuuliza swali moja kabla ya kusema neno hilo: jana usiku mama huyu alilala saa ngapi? Na kama wapo wasichana wakubwa nyumbani, au yeye mwenyewe ana mikono, maharage yanaweza kuinjikwa na mtu mwingine.

Binti wa mwenzetu, yule wa kijiko na vikombe, sasa ana miezi kumi na moja. Jumapili iliyopita alijaribiwa tena baada ya ibada, wageni wote wakitazama. Mkono ulianza kwenda kulia, ukasimama hewani, akamtazama mama yake, kisha akaenda kushoto.